Pius, Mwambie Huyo Bwana

...na jiwe limedunda, nimeliona kwa macho yangu haya, kapteni kalipiga teke kwa hasira na jiwe zima la ukubwa wa jokofu likadunda mara mbili kama mpira wa chandimu, likatulia, naye akashika mguu akijifanya kaumia, haya, niandike nini hapo, kwenye fomu hakuna safu ya mawe ya sifongo, kuna safu ya dakika, safu ya kinachoonekana, safu ya kinachosemwa, na ile ya mwisho aliyoipigia bosi mstari mwekundu, kukata au kuacha, basi lidunde, halikuvunja kanuni yoyote, nitalitaja kule chini kwenye maoni, maana kila kipindi napewa mistari kumi ya maoni na sijawahi hata mara moja kuuacha mmoja mtupu, nitasema mawe ni ya uongo, nyota zimetobolewa kwenye kitambaa, lakini wale watu wawili ni watu kweli, hata yule wa kijani... na sijui kama Jidda nzima yuko mtu anayekula mkate wake kwa raha kama mimi, saa tatu ya asubuhi, huko nje jua linababua na winchi za wajenzi zinazunguka mtaa wote wa Nuzha, kila kiwanja kinaota ghorofa, na mimi Hamdun nimo ndani, kiyoyozi kinanguruma, chai ya maziwa mkononi, kipande cha mkate wa kumimina alionifungia mke wangu Wahida kipo gotini, natazama televisheni, na hiyo ndiyo kazi, nimeajiriwa kutazama, mama yangu aliyekuwa akinifukuza na upawa nisiende sinema, akisema sinema zitanipumbaza, angecheka mpaka akakaa chini...

"Mzee Hamdun, nasimamisha ama niendelee?" ananiuliza Pius, kidole juu ya kitufe, "Endelea, baba, endelea," na kanda inaendelea, dakika ya thelathini na moja, kapteni amegeuka sasa anamfokea yule wa kijani, na hapo ndipo inapoanza ile sarakasi yetu ya kila siku, kwa sababu kampuni ina televisheni yake ya kuwaburudisha wafanyakazi kambini, hapa na Riyadh, na kanda za Kiingereza haziendi hewani mpaka zikaguliwe, na kukagua kunataka watu wawili, mmoja wa kusikia Kiingereza, ndiye mimi, na mmoja wa kuandika Kiarabu kile cha kumfanya bosi kule Riyadh atikise kichwa kwa raha, naye ni Ghalib, na Ghalib ameketi mkono mmoja tu kutoka nilipo, tumetoka mtaa mmoja Unguja, tumefika Jidda pamoja baada ya yale ya sitini na nne, tumelala chumba kimoja mtaa wa Hindawiyah miaka mitano kabla sijaoa, na mimi na Ghalib hatusemezani, mwaka wa nne huu, bosi alipotuweka chumba kimoja hakujua, aliona Wazanzibari wawili akadhani ametufanyia hisani, kwa hiyo nasema, "Pius, mwambie huyo bwana, hapo kapteni anatukana," na Pius, mtoto wa Bungoma, fundi wa mashine, anageuza shingo, "Mzee Ghalib, anasema kapteni ametukana," na Ghalib, ambaye amenisikia vizuri tu, hana ugonjwa wa masikio, anasema, "Muulize tusi gani, nitaliandikaje nisilolijua?" "Mzee, anauliza ni tusi gani." "Mwambie kamwita samaki." "Amemwita samaki, mzee." "Samaki si tusi," anasema Ghalib, kalamu juu, "samaki ni kitoweo, mwambie miye siandiki samaki," na ikanibidi niume shavu kwa ndani nisicheke, maana mtu uliyekatana naye ukicheka utani wake umeshindwa, hiyo inajulikana, nikanywa chai... na hata salamu, aa, salamu ndiyo kichekesho zaidi, asubuhi Ghalib anaingia anasema asalamu alaykum, hanisemi mimi, anavisemesha viti, nami nanyamaza, na Pius, Mkristo wa watu, Jumapili anayoitafuta haipo nchi hii, ndiye anayeitikia waalaykumu salamu mzee wangu, kwa niaba ya chumba kizima, mwaka wa tatu anatubebea salamu Waislamu wawili na hajapata hata kulalamika, siku moja tu aliniuliza, "Lakini mzee, honestly, dhambi ya hii nani anaandikiwa, si mimi?"

Na leo ndiyo mwisho, kipindi hiki ndicho cha mwisho, bosi amemtaka Ghalib Riyadh karibu naye, Jumamosi anapanda ndege na masanduku yake, kutakuja Mmisri atakaa kwenye kile kiti, na Wahida asubuhi akinifungia mkate akasema bila kuniangalia, "Kwa hiyo utamwacha aende hivihivi?" nikamwambia chai imepoa, akasema, "Miaka minne, Hamdun, mtoto aliyezaliwa siku ile sasa anaanza chuo cha Kurani," nikamwambia chai imepoa, Wahida, akanimiminia nyingine, na neno lake nikaondoka nalo kama kokoto kwenye kiatu, maana akienda Riyadh ndiyo kwa heri, hapa angalau nanuna naye uso kwa uso, kule sitakuwa hata na wa kumnunia... haya, tazama kazi, Hamdun, tazama kazi, wamechora mstari chini kwa ncha ya kiatu, huku kwa kapteni, huku kwa wa kijani, hilo nalijua na linanipendeza, manahodha wawili wa mataifa yanayopigana, wametunguana huko angani, wameangukia sayari ya mawe matupu, mmoja mweupe mwenye kidevu, mwingine kijani mwenye mashavu kama ya samaki nyuma ya masikio, yanafunguka na kujifunga, aliyeyatengeneza hayo apewe haki yake, nitamwandikia mstari mzima, siku ya kwanza walipigana, ya pili wakachora mstari, ya tatu kisima kikaonekana upande wa mmoja na kivuli upande wa mwingine, basi ikabidi wavukiane, na redio yao nayo ina masharti ya ajabu, haishiki mawimbi mpaka yule wa kijani akamate waya kwa mikono miwili, mwili wake ndio unaoleta sauti, kwa hiyo kila jioni kapteni anasema shika, adui yake anashika waya, na kapteni anazungumza na mdogo wake ambaye yuko njiani na chombo anakuja kuwaokoa, vizuri, mpango mzuri, hakuna pombe, hakuna kubusiana, hakuna nguruwe, kipindi safi, tungekimaliza mapema nikawahi adhuhuri nyumbani...

Dakika ya thelathini na tatu, asubuhi ya kule, kapteni amelala, yule wa kijani ameamka peke yake anachezea waya, na redio inasema, inakwaruza, nasikia mimi, "Pius, mwambie huyo bwana, redio inasema chombo cha mdogo wake kapteni kimelipuka, hakuna aliyesalimika," "Mzee, anasema chombo kimelipuka, wote wamekufa," na kalamu ya Ghalib inaandika, kisha kapteni anaamka, anajinyoosha, anauliza, kuna habari? na yule wa kijani anaangalia mawe, anatikisa kichwa, hakuna... hakuna, kasema hakuna, na chai yangu naiweka chini, kwa sababu najua kinachofuata, sijakiona kipindi hiki maishani mwangu na najua kinachofuata, jioni kapteni ataitaka redio, na kweli, haya, jioni, kapteni anasema shika waya, na adui yake anakuja, anakaa, anakamata waya kwa mikono miwili, na kapteni anaanza kumwambia mdogo wake, "Pius, mwambie... anamwambia mdogo wake kwamba mguu unaendelea vizuri," na kwamba chakula cha huku kibaya, na kwamba huyu samaki wangu si mbaya kama tulivyodhani, na anacheka, anamtania mdogo wake, anangoja jibu, haliji, anasema mawimbi leo mabovu, na yule kashika waya...

Miaka minne nyuma, mashine ilikuwa ndogo, nyeusi, ya kaseti, Ghalib aliishika mapajani pake kwa sababu mimi nilikuwa siwezi kuinama, nimepasuliwa kidole tumbo, mshono mbichi, nipo kitandani hospitali, na Ghalib kila alasiri baada ya kazi alikuwa anakuja na mashine, anabonyeza, anasema, "Haya, sema," nami nasema na mama, kama tulivyokuwa tukifanya sote, nani aliyekuwa na subira ya barua, ukisema kwenye kaseti mama anasikia sauti, anajua hujapungua, nikamwambia mama mshono unawasha, madaktari wazuri, nesi ananiita ya Hamdun yalla kula, nikamwambia Ghalib huyu hapa anakusalimu, sema na mama, Ghalib, na Ghalib akasogeza mdomo kwenye mashine akasema, "Shikamoo mama, mwanao hajambo, usiwe na wasiwasi," na mama yangu alikuwa amezikwa siku kumi na moja nyuma, kaseti mbili, mbili kamili, na Ghalib akazipeleka posta kwa mkono wake, na dada yangu akazipokea Unguja akazisikiliza na majirani ukumbini, nyumba nzima inalia na mimi mle ndani ya mashine nacheka... siku arobaini walinificha, arobaini, mpaka mshono ukakauka na mpaka mtu akapata ujasiri, wakaja alasiri watu saba wakavua viatu, nikawaona nyuso zao nikajua kabla hawajakaa, na nikajua pia kwamba wote walikuwa wanajua, na si kwamba siijui desturi, naijua, mtu aliye mbali hapasuliwi habari peke yake, akiwa mgonjwa ndiyo kabisa, husubiriwa apate nguvu, hukusanyiwa watu, mimi mwenyewe nilishawahi kuwa mmoja wa saba hao kwa mtu mwingine na nikaona sawa, nikala na halua, wale sita niliwasamehe palepale kabla kahawa haijaletwa, lakini Ghalib, Ghalib alishika mashine, Ghalib alisema shikamoo mama kwa sauti nzima, jicho kavu, hakutetereka, nikasema moyoni mtu huyu ana moyo wa namna gani, alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama mchezo, nikamwambia mbele yao wote, wewe usinisemeshe tena, na hakunisemesha, mtu mtiifu...

"Mzee?" Pius ananiita, "mzee, hapo amesema nini?" kumbe nimenyamaza, kapteni anazungumza na mimi nimenyamaza, "Mwambie... mwambie anasema chakula," na ni kweli, wamekaa kula, chakula chenyewe vidonge viwili vya manjano kwenye bati, kila mmoja na chake, na yule wa kijani anakisukuma chake upande wa kapteni, kula, mimi nimeshiba, sisi watu wa kwetu tunakula mara moja kwa juma, "Mwambie anasema kashiba," nasema, "Anasema ameshiba, mzee," na sisikii kalamu ikiandika, sigeuki, natazama ule mkono wa kijani ukisukuma bati... nimeshiba, Hamdun, malizia wewe, huyo ni nani aliyekuwa akisema hivyo, malizia, nilikula nyumbani, wakati nyumbani alikuwa hana mpishi, sahani ya wali na samaki aliyoniletea mwenyewe anaisukuma ije kwangu, kila siku, na mimi mgonjwa mwenye njaa ya kupona nafagia, na kuna siku, Mungu nisamehe, kuna siku nilimtazama kola ya kanzu imemzidi shingo nikamwambia, "Ghalib, mbona umekonda hivyo, utadhani wewe ndiye uliyepasuliwa," na tukacheka, nilicheka mimi, yeye alifanya nini, sikumbuki, sikumtazama, nilikuwa nakula... na alikuwa halali, hilo nalo, Wahida alisema wakati ule, nami nikalipuuza, alisema Ghalib anapita barabarani kwetu alfajiri kabla ya adhana, yuko peke yake, anaelekea wapi, nikasema labda anatafuta mke, nikacheka tena, jamani, nilicheka sana siku zile kwa mtu aliyefiwa...

Na miaka minne nilikuwa nayo yote haya, kola, sahani, alfajiri, yamekaa kichwani mwangu mahali pake na sikuyagusa, kwa sababu nilikuwa nimeshika moja tu, ile sauti, shikamoo mama, nikaizungusha usiku na mchana, jicho lilikuwa kavu, jicho lilikuwa kavu, kumbe jicho nililiona saa nipo mbele yake tu, na mbele yangu lililie vipi, si ndiyo kazi aliyopewa, wale watu sita walimpa yeye kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa nafungua mdomo kwake, wao walikwenda makwao wakalala, yeye ndiye aliyekuwa anarudi kila alasiri na mashine, na angekataa kuishika ningeuliza kwa nini, na angetetereka ningejua, basi alifanya, alifanya vizuri, na mimi nikamhukumu kwa kuwa alifanya vizuri... tazama kazi, Hamdun, dakika ya thelathini na nane, kapteni kalala, tumbo limejaa vidonge vya watu wawili, anakoroma, na yule wa kijani anaondoka polepole asimwamshe, anakwenda nyuma ya jiwe kubwa, peke yake, kamera inamfuata, anapiga magoti, anaweka paji la uso kwenye jiwe, na mashavu yale ya nyuma ya masikio yanafunguka na kujifunga, yanafunguka na kujifunga, mabega yanatikisika, na jiwe nalo, jiwe la sifongo, linaingia ndani kidogo alipoliegemea, limebonyea, mtu yeyote angecheka, na chumbani hakuna anayecheka, Pius hachezi na kitufe, kiyoyozi kinanguruma, na muziki wenyewe hawakuuweka, wana akili hawa watu, mstari wa sita nitawaandikia hilo, hawakuweka muziki...

"Pius," anasema Ghalib, na sauti yake ina kokoto, "muulize huyo bwana, huyu anaabudu jiwe, au analia?" kwa sababu ni lazima aulize, ni kazi, orodha ya bosi imebandikwa ukutani mbele yetu na namba nne ni hiyo, kusujudia kisichokuwa Mungu, hukatwa moja kwa moja, halina mjadala, na ukitazama bila kujua kilichotangulia ni mtu kapiga magoti kichwa juu ya jiwe, hatakata nani, mimi mwenyewe ningeikata, mtu wa Riyadh aliyeanza kutazama dakika ya thelathini na nane ataona mshirikina na jiwe lake, na hakuna neno hata moja linalosemwa pale, Kiingereza changu hakina msaada, kinachotakiwa ni mtu aseme ameona nini, na Pius amekwisha geuka, kijana mzuri, uso wake umechoka na sisi, "Mzee Hamdun, anauliza kama anaabudu ama analia," nami natazama pale kwenye kioo, bado yupo, paji la uso kwenye jiwe, anakula pumzi kwa yale mashavu yake taratibu asisikike, na hofu niliyo nayo si ya bosi, ni ya kinywa changu, kwamba nikikifungua kitatoka kilichozoea, Pius mwambie huyo bwana, na Jumamosi itafika, na atapanda ndege, na nitaandika mistari kumi ya maoni kuhusu mambo ya watu wa angani mpaka nife... nikazungusha kiti, kina mlio kiti hiki, nikampita Pius kwa macho, nikaona kwanza mkono wenye kalamu, una mabaka sasa, umezeeka, sikuwa nimeuona, na kanzu, na kola, na shingo yake.

"Analia, Ghalib."

Pius alikuwa keshafungua mdomo kulipeleka, akaufunga. Ghalib hakuniangalia, aliiangalia fomu, aliiangalia muda mrefu kama fomu ndiyo iliyosema, kisha akauliza chini chini, akaniuliza mimi, "Una hakika? Ukikosea, bosi atatuandama sote wawili."

"Nina hakika," nikasema, "nimechelewa kumwona tu," na nilitaka niongeze, nilikuwa na ya miaka minne ya kuongeza, yakajaa mlangoni yote pamoja yasipate kupita, lakini kiti sikukirudisha, nikabaki hivyo nimemwelekea, magoti yetu karibu yagusane, na kwenye kioo yule bado kainama na kapteni bado anakoroma, na Ghalib akapangusa ncha ya kalamu kwenye kanzu, jambo ambalo mkewe, aliyemwoa mwaka juzi, atamgombeza, akavuta fomu, akaandika kwa kile Kiarabu chake kizuri, polepole, herufi moja moja, kuacha.